Mfaume wa Spika

"Mimina."

Neno moja tu, lenye mkwaruzo mwishoni kama mwiko ukiburuzwa juu ya tofali. Mfaume alilisikia akiwa bado nje ya uzio wa mabati, mkono kwenye usukani wa baiskeli, akasimama kama mtu aliyesikia jina lake likitangazwa msikitini pamoja na saa ya maziko. Sauti ile ilikuwa yake. Na mdomo wake ulikuwa umefungwa.

Alikuwa anatoka kisiwa cha Juani kumzika baba mkwe wake. Siku mbili hakukanyaga kazini, na katika miaka thelathini na moja ya ufundi, tangu ukuta wake wa kwanza kule Miburani, zege lake halijawahi kumiminwa yeye asiwepo.

Lilikuwa ghala la samaki, la ghorofa moja, linajengwa Kilindoni na kampuni ya bara. Mafundi hawapatikani. Vijana waliojua kushika mwiko wamevuka maji kufuata majengo marefu; waliobaki, mwamba wa pweza ukifunguliwa baada ya miezi ya kupumzishwa, hutua karai palepale wakakimbilia pwani, na nani atawalaumu? Ndipo Audax, injinia kijana mwenye adabu zake, alipoleta programu ya akili mnemba. Alimwomba Mfaume atembee na simu katika mfuko wa shati mwezi mzima, imsikilize anavyoamrisha kazi. Kisha akamkalisha kwenye kivuli cha lori, akamsomesha sentensi mia mbili. Itatusaidia, mzee, alisema. Mfaume akadhani ni kumbukumbu za ofisini. Hakuuliza, mtu akikuomba kwa heshima hivyo, unaulizaje?

Sasa alisukuma geti akaingia. Kibarua mmoja alimwona akacheka.

"Karibu, mzee. Mwenzio hapa tangu jana hajaomba hata chai."

Spika nyeusi ilikuwa imefungwa kwa waya juu ya mti wa jukwaa. Nguzo tatu zilikwisha jazwa, bado zimo ndani ya mbao zake; ya nne ilikuwa nusu. Mfaume akainua mkono, karai zikasimama. Akaenda kwenye pipa la maji, akachota kwa kiganja, akaonja.

Akatema. Akaonja tena, kama asiyeuamini ulimi wake.

Siku zile zilikuwa za bamvua, yale maji makubwa ya bahari, na bamvua likijaa, bahari hujipenyeza mpaka kisimani. Maji ya chumvi ndani ya zege huzila nondo kimyakimya; nguzo husimama nzuri miaka kadhaa, kisha hupasuka. Kwa hiyo kila asubuhi Mfaume huonja kwanza ndipo aamrishe. Lakini mwezi aliotembea na ile simu ulikuwa wa Ramadhani. Kwa kuichunga funga yake, alimwachia Laurencia, mama wa Kikristo kutoka bara anayechota maji pale, amwonjee. Laurencia akionja, huinamisha kichwa tu yakifaa, hukitikisa yasipofaa. Hapakuwa na neno. Yasipofaa, walingoja gari la maji, nalo likija, kazi ikaendelea. Mwezi mzima simu ilisikia ndoo ikitua, kisha sauti ikisema mimina. Hayo ndiyo iliyojifunza.

Laurencia alikuwa amesimama kando ya pipa, kitenge amekishika kwa mikono miwili.

"Niliyaonja, baba," alisema. "Nikaona yana chumvi. Nikaiuliza. Ikanijibu ya kisimani yanafaa, mimina. Ilikuwa sauti yako. Ningembishia nani?"

Mfaume akashika mti wa jukwaa.

Audax akaja mbio, akaamkia, akaitikiwa. Alipoelezwa, alikaa juu ya mfuko wa saruji, uso umempauka. Kisha akaanza kuhesabu njia za kutokea. Mkaguzi anakuja Jumatatu. Kuifundisha programu habari ya kuonja maji ni kazi ya dakika tano. Kuanzia leo yataletwa maji ya tangi. Na zile nguzo tatu, alisema akitazama chini, zikipigwa lipu hazitaonyesha kitu miaka kumi. Akaongeza kwa huruma ya kweli kwamba hakuna atakayemlaumu mzee. Yeye alikuwa Juani, na kila mtu anajua iliyosema ni mashine.

Mfaume aliweka kiganja kwenye mbao za nguzo ya kwanza. Zege lilikuwa bado na joto, kama paji la mtoto mwenye homa. Juu yake ghorofa itakaa. Chini yake wanawake wa Kilindoni watakaa na visu vyao, wakiparua samaki, na wachanga wamewabeba mgongoni.

Juu ya jukwaa spika ilikoroma kidogo. "Haya, wanangu," ilisema, kwa ule upole wake wa kila siku. "Mbona mmesimama?"

Vibarua wawili waliinama kushika karai, ndipo wakakumbuka, wakamgeukia yeye. Mfaume aliwatazama nyuso zao, mmoja mmoja. Kisha akasema kwa sauti ndogo mno, hata Audax ikambidi ainuke na kumsogelea:

"Walioitika waliniitikia mimi, injinia. Zivunje."