Jembe la Kioko Ukutani

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa nivue mshipi, tena mpya, nilioununua kwa ajili ya kuajiriwa.

"Una chuma hapo mbele," Mkuu wa Kituo alisema. "Mashine yetu haitaki chuma."

Kuanzia hapo nilifunga suruali kwa kamba ya katani, kama gunia la mbaazi.

Mashine yenyewe ilikuwa kipimasumaku, chombo cha kupima nguvu ya sumaku ya dunia na kuichora kama mstari kwenye karatasi. Tulianzia karibu na Kiboko, lakini malori ya kwenda Mtito Andei yaliuchezesha mstari kutwa kucha. Tukahamishiwa nje ya Tseikuru. Mimi, ambaye hata kulala kwa shemeji ni safari, nikaona nimetupwa ncha ya dunia.

Kumbe kazi yenyewe ilihusu ncha za dunia! Madam, ndivyo tulivyomwita Mkuu, alinieleza kwamba jua hupuliza upepo wa chembe zenye umeme. Sumaku ya dunia huukinga, ukapita kando kama maji yanavyolizunguka jiwe mtoni. Ila kule kwenye ncha, mistari ya sumaku huinama kuingia ardhini, na chembe nyingine huifuata, zikagonga hewa ya juu, anga ikang'aa kijani. Upepo ukizidi, hata sumaku ya huku kwetu hutikisika.

"Sasa Kioko, tukitaka kulisikia jua, wewe tulia."

Sikutulia. Mvua iliponyesha nilipanda kunde nyuma ya banda la mashine. Mstari ukaruka, ukakaa juu, nilipoondoka ukarudi. Madam aliukata mchoro, akaubandika ukutani, akaandika: "Jembe la Kioko." Ikafuata "Kufuli ya Kioko," kisha "Baiskeli ya Kioko," iliyotoka nje ya karatasi.

"Ya nne," akaniambia, "ni barua ya kukufuta kazi."

Asubuhi moja mstari uliruka, halafu ukaanza kuporomoka. Madam akatoka mbio na barua yake mkononi, imebaki sahihi tu.

"Kioko! Leo umeleta nini, trekta?"

"Sina kitu, Madam."

"Vua viatu! Na hiyo kofia!"

"Kofia ni ya ukili, Madam."

Nilisimama juani miguu mitupu saa nzima, nikiwaza karo ya watoto, na mama mkwe ambaye hakuwahi kuniamini. Mstari bado unashuka. Hapo nikapata ujasiri, nikamwita ukutani.

"Madam, tazama makosa yangu. Chuma kikija, mstari unaruka na kukaa. Kikienda, unarudi. Huu uliruka kidogo, sasa unashuka tu, na mimi niko nje. Mimi nimekosa mara tatu, najua ninavyokosa. Hivi sijawahi."

Akatazama. Akampigia simu mwenzake wa kituo cha karibu na ncha ya kaskazini, ambako bado ulikuwa usiku. Sauti ikapasuka hadi mlangoni: "Anga yote huku ni kijani!"

Madam aliichana barua, akabandika mchoro ule karibu na jembe langu, akaandika: "Jua. Si Kioko."

Siku hizi kompyuta ndiyo inayochora, na mimi nimestaafu. Madam alinipa ule mchoro wa jua uwe zawadi ya kuagia, nami nimeutundika sebuleni. Kitu kikivunjika nyumbani, mke wangu hunishuku mimi kwanza. Namwonyesha ukuta.