Tai ya Bosi

Katika ukoo ule kila mtu alikuwa na cheo chake, hata mlevi alikuwa na chake. Cheo cha Shangazi kilikuwa Fundi. Hakukiomba. Aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, akarudi siku ya kwanza na nyuzi kichwani, na kaka yake akatangaza, "Jamani, sasa tuna fundi wetu!" Basi, ikawa hivyo.

Ukweli Shangazi aliufungia kifuani. Kule kiwandani hakuna anayeshona nguo nzima. Huyu kola, yule mkono wa kushoto, na Shangazi, tangu nywele zake ziko nyeusi, vifuniko vya mifuko ya mashati. Kifuniko kinakuja, anakishona, kinakwenda zake. Shati zima hajawahi kulishona, hata la mwanasesere.

Mawifi walipomletea vitambaa, alikuwa na visingizio vya kutosha kufungulia duka. Macho yanauma. Cherehani inakata uzi. Mguu umekufa ganzi. Na kweli, kila jioni alirudi kama nguo iliyokamuliwa: mgongo umepinda, miguu imevimba, anavua viatu mlangoni na kuvitazama kana kwamba ndivyo vilivyomsaliti.

Lakini kisingizio hakimwingii mtoto. Bosi, binti wa kaka yake, aliye katika umri wa kung'oka meno ya mbele, alimkuta kajinyoosha mkekani, akambwagia kitambaa chekundu tumboni.

"Shangazi, nishonee tai. Kesho tunapigwa picha shuleni, mwalimu kasema wote tai."

"Bosi wangu, shangazi yako kachoka."

"Shona ukiwa umekaa."

Utamjibu nini huyo? Hata mimi ninayesimulia, niliyewahi kunyamazisha mahakimu kwa maneno matupu, ningeshika sindano.

Shangazi akakaa. Akatandaza kitambaa mezani, akakikata kufuata uzi, moja kwa moja kama barabara. Kosa lenyewe ndilo hilo: tai hukatwa mshazari, la sivyo hujisokota. Nani angemwambia? Kifuniko cha mfuko hakining'inii. Usingizi ukawa unamvuta kichwa, mikono ikaendelea peke yake kama punda anayejua njia ya nyumbani. Ilipofika kwenye ncha, ikazinduka. Ncha ya tai na ncha ya kifuniko ni ndugu wa baba mmoja! Ncha ikatoka safi, pande sawasawa, kali ya kumtoboa mtu jicho. Akatia mpira wa shingoni, akamvisha mtoto.

Tai ikageuka ubavu. Akainyoosha, ikageuka tena. Akaivua, akaipiga pasi, akamvisha upya. Ikatulia kidogo, kisha ikamgeuzia kisogo kama mke aliyenuna.

Mama yake Bosi alikuwa kasimama mlangoni, mikono kiunoni. "Wifi Fundi, mbona tai inachungulia kwa jirani?"

Shangazi akatafuta kisingizio, asikione hata kimoja. Alikuwa amechoka hata kudanganya.

"Wifi, mimi si fundi. Nashona vifuniko vya mifuko. Miaka yote hii, vifuniko tu."

Wifi akakaza midomo, ikamshinda, akacheka mpaka akajishika mbavu. "Na sisi tulidhani unaringa! Kaka yako alinikataza kukuomba hata kishikizo. 'Mwache huyo, fundi mkubwa, hashoni vya nyumbani.'"

"Niringe? Mimi? Kwa miguu hii?"

"Haya, lete niifumue, tutafute mtu mwingine."

Bosi akaikumbatia tai kwa mikono yote miwili. "Haifumuliwi! Ina ncha nzuri."

Na haikufumuliwa. Katika picha ile watoto wote wamenyoosha mikono chini. Bosi peke yake kabandika kiganja kifuani, anaizuia tai isigeuke, kama mheshimiwa anayekula kiapo.

Kaka mtu aliitazama picha, akamtazama dada yake, akakohoa. "Kwa hiyo, Fundi..."

"Niite Vifuniko," Shangazi akamkata, akaenda zake kulala, jua bado liko juu. Akina wifi walipita na vitambaa vyao mkononi, wakielekea kwa mafundi wengine, na hakuna aliyemwamsha.