Fundi Aliyetakiwa Apwaye

Wakongwe wa klabu yetu ya riadha wanapokutana, hata kama ni msibani, hakosekani wa kuuliza: "Mnakumbuka siku Fundi aliponyoa ndevu?" Kisha hucheka mpaka wakafuta machozi. Nimekivumilia kicheko hicho kwa miaka ishirini na saba. Kisa chenyewe kina vichekesho vyake, sikatai. Ila wao hukikatiza pale kinapoanza kuuma, wakaagiza soda nyingine. Fundi ni kaka yangu, tumbo moja, na siku hiyo nilikuwa uwanjani na karatasi mkononi. Nitakisimulia mpaka mwisho wake.

Kaka alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa na mlango mmoja, dirisha moja na cherehani tatu za miguu, mbili nzima na moja ya kutolewa vipuri. Hata leo nikipita mahali wanapopiga pasi ya mkaa, ile harufu ya kitambaa kibichi kinachokaushwa na joto hunirudisha kwenye benchi lake, miguu yangu ikiwa juu ya mabaki ya vitambaa na daftari langu la hesabu mapajani. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, na likizo zangu zote nilizimalizia pale. Wifi yangu, mkewe, alikaa kwenye mojawapo ya zile nzima akishona sare za shule, huku akitutania sote bila kuinua macho.

Kila jioni saa kumi Kaka alifunga futi ya kupimia shingoni mwa sanamu ya kujaribia nguo, akavaa viatu vyake vya mbio na kwenda uwanjani. Alikimbia mita elfu kumi, yaani mizunguko ishirini na tano. Alikuwa na mabega mapana, mapaja ya mtu anayekanyaga cherehani siku nzima, na ndevu nyeusi zilizojaa hadi chini ya koo. Watazamaji hawakuhitaji kumtafuta. "Yuleee, Ndevu anakuja!" walipiga kelele, naye alizishika kwa mkono mmoja kama anayetoa saluti, akaendelea.

Sasa nifike kwenye neno. Kwa fundi yeyote duniani, nguo ikipwaya ni aibu: umepima vibaya, fumua, anza upya. Kwa Kocha wetu, kupwaya ilikuwa sifa kuu. Mkimbiaji ambaye fulana ilimning'inia na bukta ikamteleza kiunoni aliambiwa mbele ya wenzake, "Safi, umepwaya!" na wengine wakampigia makofi. Kila Jumamosi asubuhi Kocha alitoa mizani iliyokuwa ikipima magunia kwenye ghala la chakula cha kuku, akaiweka mlangoni mwa chumba cha kubadilishia nguo. Watu wazima, wake kwa waume, walipanga foleni wakiwa na bukta tu na fulana, wakapanda mmoja mmoja, na Kocha akatangaza kilo za kila mtu kwa sauti ya mnadani. Hapakuwa na daktari. Hapakuwa na kitabu. Kanuni yake moja aliitoa anakokujua mwenyewe: chukua urefu wako kwa sentimita, toa mia moja na kumi, kilichobaki ndicho unachoruhusiwa kuwa. Mimi niliyekuwa nasomea hesabu nilimuuliza siku moja hiyo mia na kumi inatoka wapi. Akanijibu, "Binti, mbio hazikimbiwi ubaoni."

Waliopwaya walikuja wapi kupunguziwa bukta? Kwa Kaka. Benchi langu lilijaa wakimbiaji wenye mashavu yaliyoingia ndani, wakicheka, wakiringiana nani kabana inchi ngapi. Kaka aliwapima, akaandika kwenye daftari lake la vipimo, akabana mishono. Yeye mwenyewe alikuwa na kilo sitini na nane. Kanuni ilimtaka sitini na mbili.

Mwaka ule alitimiza thelathini na tatu. Majaribio ya kuchagua timu ya mashindano ya kanda yalibakiza wiki sita, na nafasi za mita elfu kumi zilikuwa mbili. Mara mbili huko nyuma alishika nafasi ya tatu. Kila mtu, yeye wa kwanza, alijua kwamba hakutakuwa na mara ya nne.

"Mwendo unao," Kocha alimwambia, akimgonga tumbo kwa kalamu. "Lakini wenzako wanakimbia, wewe unahamisha nyumba. Na hizo ndevu! Mkimbiaji wa mbali ana sura yake, Fundi. Kidevu safi, mashavu ndani. Hizo zinakula upepo na zinabeba jasho nusu kilo."

Watu wakacheka. Kaka naye akacheka, na hicho ndicho kilichoniudhi.

Wiki sita hizo sizisahau. Kaka ambaye sahani yake ilikuwa ikijazwa mara mbili alianza kula kama anayeonja dawa. Alikosea kukata kola, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Alimjibu Wifi kwa mkato, kisha akaomba radhi, kisha akamjibu tena kwa mkato.

"Wifi," aliniambia mke wake, "kaka yako nilikabidhiwa mzima. Nikimrudisha kwenu hivi, mtanidai nusu iliyobaki."

"Mdai Kocha," nilimjibu.

"Nimdai nini, na yeye mwenyewe kitambi kinamtangulia mlangoni?"

Jumamosi ya mwisho mizani ilisema sitini na nne na nusu. Kocha alitikisa kichwa, akatazama zile ndevu. Jumapili asubuhi, siku ya majaribio, Kaka alisimama mbele ya kioo cha wateja, akazikata kwa mkasi wa kitambaa, kisha akamalizia kwa wembe. Wifi aliingia na chupa ya chai, akasimama mlangoni.

"Samahani kaka," alisema, "mwenye duka yuko wapi?"

"Acha mzaha, mama watoto."

"Sauti ni yake," Wifi akanigeukia. "Lakini hicho kidevu mimi sijawahi kuolewa nacho."

Tulicheka mpaka cherehani zikatikisika. Chini ya ndevu kulikuwa na uso mdogo, mweupe kidogo, wa kijana aliyekonda kwa homa. Kabla hatujatoka, nilichukua nywele zote zilizoanguka, nikaziweka kwenye mizani ndogo ambayo Wifi alipimia hamira. Mshale haukusogea.

Mvua ilianza mapema na ikanyesha bila haraka. Namba za wakimbiaji wakati ule zilikuwa za karatasi, zimechorwa kwa kalamu ya wino na kufungwa kwa pini. Kufikia mzunguko wa pili zilikuwa uji. Kandokando ya mstari wa kumalizia, chini ya turubai, waliketi wahesabu mizunguko, kila mmoja na wakimbiaji wake watatu. Aliyemhesabia Kaka kwa miaka sita mfululizo alikuwa karani mstaafu wa mahakama, mzee nadhifu ambaye hata mvuani alivaa tai. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kusoma namba ya Kaka. Ya nini? Aliinua macho, akaona ndevu, akaweka alama.

Mimi nilikaa jukwaani chini ya mwavuli uliovunjika ubavu mmoja, nikahesabu kwa mafurushi ya tano tano, kama nilivyofanya siku zote. Kaka alikimbia vizuri mno. Sitaki kumpa Kocha sifa, lakini nasema nilichokiona. Kufikia mzunguko wa kumi na nane walibaki watatu mbele, naye akiwa wa pili. Mzunguko wa ishirini na nne kengele ikalia. Wa kwanza akamaliza. Kaka akavuka mstari hatua kumi nyuma yake, wa pili, akainua mikono.

"Bado mmoja!" Karani alipiga kelele. "Kijana, usisimame, bado mmoja!"

Kaka alisimama. Alimtazama Karani, akanitazama mimi. Nilikuwa nimesimama juu ya kiti, nimeinua karatasi, nikipaza sauti, "Umemaliza! Tano mara tano! Umemaliza!" Mvua ikaimeza sauti yangu. Wa tatu akapita na kumaliza. Na kaka yangu, ambaye angeweza kukueleza kwa kupapasa tu kola ina mishono mingapi, akageuka na kwenda kukimbia mzunguko wa ishirini na sita peke yake. Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema, "Kichwani kulikuwa kweupe. Ukiwa na njaa namna ile, mtu yeyote akikutajia namba unaipokea."

Kabla hajaumaliza, mwingine naye alifika; kwenye matokeo Kaka akaandikwa wa nne.

Nilishuka jukwaani nikiwa nimelowa hadi mifupani, nikaenda moja kwa moja kwenye meza ya kamati.

"Wewe ni nani kwake?" aliuliza Mwenyekiti.

"Dada yake."

"Basi huo si ushahidi, hayo ni mapenzi."

"Tano mara tano haina undugu na mtu, Mwenyekiti."

Aliniambia nikae chini. Sikukaa. Ndipo Karani aliposimama, akanyoosha tai yake iliyokuwa ikichuruzika maji. Mzee yule namheshimu hadi leo.

"Waheshimiwa," alisema, "kosa ni langu. Mzunguko wa kwanza nilikuwa nangoja ndevu. Hazikupita. Nikadhani ameugua, nikaacha mstari wake wazi. Mzunguko wa pili ndipo nikamuuliza jirani yangu, huyu mtoto wa watu ni nani? Akaniambia ndiye Fundi. Nikaanza kuandika hapo. Mmoja ulinipita."

Turubai zima likaangua kicheko, na hapo ndipo wakongwe wetu humalizia hadithi. Kwao imekwisha: ndevu zilinyolewa, mzunguko ukapotea.

Haikuwa imekwisha. Kamati ilikubali kwamba Kaka alikuwa wa pili, ikarekebisha karatasi mbele yetu. Kwa dakika moja hivi tulikuwa watu wenye furaha kuliko wote mvuani. Kisha Mwenyekiti akamuuliza Kocha, kwa kuwa timu ni yake, kama ana neno. Kocha, aliyesababisha kile kidevu kinyolewe, aliyekaa kimya muda wote Karani akijibebesha lawama, akasema: "Nafasi ni yake. Jumamosi apande mizani. Ikisoma sitini na mbili, anasafiri."

Kilo mbili na nusu, siku sita. Kaka alisema, "Sawa, Kocha."

Jumatatu na Jumanne alikunywa maji tu hadi jioni. Jumatano alikuja dukani msichana wa mita elfu tano, mdogo kuliko mimi, aliyeitwa Sindano na wote, hata na mama yake. Alileta bukta yake ibanwe. Kaka akampima kiuno, akafungua daftari, akabaki ameshika kalamu. Nilichungulia. Januari, inchi ishirini na saba. Machi, ishirini na sita. Mei, ishirini na tano. Ile futi mkononi mwake ilisema ishirini na tatu.

"Mara ya mwisho kula vizuri lini?" alimuuliza.

"Fundi nawe! Kocha kasema nimepwaya kuliko wasichana wote."

"Nasikia. Unalala?"

Msichana akacheka, kisha akaacha kucheka. Akasema miguu humwamsha kwa baridi, na kwamba nywele zinabaki kwenye kitana. Alisema hayo kama anayetaja mambo ya mtu mwingine. Kaka alimrudishia bukta yake bila kuigusa kwa sindano.

"Hii sibani tena," alisema. "Kiuno hakipungui tena, kinaisha. Mimi nashona nguo za watu walio hai."

Wifi alisimamisha cherehani. Sikuwa nimewahi kumwona akisimamisha cherehani katikati ya mshono.

Jumamosi nilikwenda naye. Foleni ilikuwa ndefu, mizani ileile, sauti ileile ya mnadani. Zamu ya Kaka ilipofika, hakupanda.

"Panda, Fundi."

"Sipandi, Kocha."

"Umeshindwa kupunguza?"

"Sijui. Huenda nimefika. Sitaki kujua." Alirudi hatua moja nyuma kutoka kwenye mizani. "Nimekimbia mizunguko ishirini na sita, wote mmenihesabia. Kama miguu hiyo haitoshi, chagua mwingine. Kwenye kazi yangu, nguo ikipwaya tunafumua, hatumpigi mtu makofi."

Kocha alimtazama, akamwashiria anayefuata kwenye foleni apande. "Sitini na moja!" akatangaza, na mambo yakaendelea. Orodha ya timu ilisomwa pale pale. Kaka hakuwemo. Sindano alikuwemo.

Nilimkasirikia njia nzima. Nilimwambia ametupa nafasi ya maisha yake kwa kilo mbili za watu wajinga, na kwamba angepanda kwanza, akagombana baadaye akiwa na tiketi mfukoni. Alinisikiliza hadi nikaishiwa. "Nilitaka sana kwenda," alisema. "Usidhani sikutaka."

Sare za timu zilishonwa na nani? Na yeye, alikuwa fundi pekee aliyekuwa na vipimo vya wote. Wiki ile nzima alizishona, bukta kumi na nne, nami nikiwa kando yake nikizipiga pasi na kununa. Nilipogeuza ya kwanza ndani nje, niliona ameacha kitambaa kipana kwenye mishono ya ubavuni, vidole viwili kila upande, kimekunjwa na kupigwa nyuzi nyepesi kisionekane. Hakuna fundi anayepoteza kitambaa namna ile. Nikamuuliza ni cha nini.

"Cha kuachia kiuno," alisema. "Wakirudi kula, zifumuliwe."

Timu ilikwenda na kurudi. Mwaka ule haujaisha, bukta tatu zililetwa dukani kuachiwa. Moja ilikuwa ya Sindano.