Ukuta wa Nyuma wa Nyumba ya Kona

Watu walimwita Futikamba, na jina hilo alilitolea jasho. Miaka ishirini na sita alishika ncha ya mbali ya futikamba, bwana mpima ardhi akishika ncha ya karibu. Ncha ya karibu ilikuwa na daftari, kofia na heshima. Ya mbali ilikuwa na miiba. Hivyo hivyo, nyumba kwa nyumba, wawili hao waliupima mtaa mzima wa pembeni mwa mji. Ramani zilipokamilika zilifungiwa kabatini ofisini, na Futikamba hakuzitia machoni hata mara moja.

Sasa ni babu, anatembelea fimbo. Ofisi ya ardhi ilipotangaza kwamba ramani hizo zitatandazwa wiki nzima ili watu wazione, mzee alikosa usingizi. Binti yake alidhani ni furaha. Kumbe baba mtu alikuwa na lake moyoni, na njiani likamtoka.

"Mwanangu, mimi nilidanganya."

"Ulidanganya nini tena, baba?"

Ilikuwa nyumba ya kona. Bwana mpima alisimama ng'ambo ya barabara, nyuma ya darubini yake ya miguu mitatu. Futikamba alitakiwa aingie uani, apime hadi ukuta wa nyuma. Alifika getini akamwona mbwa, na mbwa akamwona yeye. Basi akajibanza pale pale nje, akavuta muda kidogo, kisha akapaza sauti: "Kumi na mbili na nusu!" Namba aliitoa kichwani. Bwana mpima akaandika, akasema asante kama siku zote. Kesho yake akamletea fimbo, akamwambia ni ya kufukuzia nyoka. Ndiyo hiyo anayoitembelea mpaka leo.

"Kwa ramani ile watu wamejenga, wamegawana urithi," mzee alisema. "Nimewapotosha wangapi? Leo nikiliona kosa langu, namwambia msimamizi. Wanifanye watakavyo."

Chumba cha ramani kilikuwa kimya. Msimamizi, mama mmoja mwenye glavu nyeupe, aliwaonyesha meza iliyokaribia kugusa kuta zote, na juu yake mtaa wao wa zamani. Futikamba alivua kofia bila kuambiwa. Kila nyumba ilikuwa kubwa kama kiberiti! Bomba la maji lilikuwepo. Mtaro ulikuwepo, na ngazi tatu za mlangoni kwa fundi cherehani, na kibanda cha seremala kilichoungua zamani, kimesimama kizima kama hakijawahi kuona moto.

"Hapa nilijikwaa," alinong'ona. "Hapa tulipewa maji ya kunywa. Mama yangu! Kumbe tulikuwa tunafanya kitu kikubwa namna hii?"

Alijisikia mdogo, na wakati huo huo alijisikia mtu. Kila mstari pale ulikuwa na mkono wake. Kwa kitambo alisahau kilichomleta.

Kisha akaiona nyumba ya kona, akaiegemea fimbo yake. Binti yake akamshika kiwiko. Kuta tatu zilichorwa kwa wino mzito. Ule wa nyuma ulikuwa vidoti vitupu, na pembeni yake palikuwa na maandishi madogo ya bwana mpima.

"Nisomee," mzee alisema. "Macho yangu yamejaa."

Binti aliinama. "Haukupimwa. Mbwa mkali."

Futikamba aliikumbuka darubini ile, iliyosoma namba za milango kutoka mtaa wa pili, na siku ile ilikuwa imeelekea getini. Walifanya kazi pamoja miaka kumi na minne baada ya hapo, wakila sahani moja, hadi bwana mpima alipofariki. Wala bwana huyo hakumgusia neno.

Mzee aliiinua fimbo yake, akaitazama toka juu hadi chini.

"Nyoka gani, mwanangu?" alisema, machozi yakimtiririka. "Mtaa ule haukuwa na nyoka hata mmoja."