Uso Nilioufuta

Juzi binti yangu alirudi kutoka shule na mchoro wa mkaa, na harufu yake ikanirudisha kwenye fleti yetu ya utotoni ya Thamesmead, ughaibuni.

Sebuleni palikuwa na picha ya bibi yake bibi yangu, iliyochorwa kwa mkaa Unguja enzi za masultani. Bibi aliikumbatia kifuani siku familia ilipokimbia mapinduzi, na ukoo wetu haukuwa na picha nyingine ya zamani.

Siku moja, nikiwa mtoto, nilibaki peke yangu, nikaitoa kwenye fremu yake ya kioo. Shavu la yule mama lilionekana chafu, nikataka kumsafisha. Nililowesha leso kwa mate, nikasugua taratibu. Shavu likafutika, na jicho likafuata.

Niliirudisha ukutani haraka. Bibi alipoingia, aliisogelea, akauona uso uliofutika.

"Mjukuu wangu, nani kamgusa?"

Nikamjibu kwa Kiingereza, kama kawaida yangu, kwamba ni unyevu wa ukuta.

Aliniamini. Aliishusha picha, akainong'oneza, "Niwie radhi, bibi. Ni mimi niliyekuleta kwenye baridi hii."

Miaka baadaye, alipolazwa hospitali, akanishika mkono, nilitaka kumwambia kwamba ni mimi niliyemfuta. Nikamuuliza tu kama anataka maji.