Dawa Iliyomwagwa Uani

Mume wangu alipiga kelele mpaka jirani wa nyuma akazima redio. Ilikuwa mchana. Wanaume wa ukoo wake walikuwa wamejaa chumbani, na kaka yake mkubwa amemwinamia kitandani.

"Sema, mdogo wangu. Nyumba hii unamwachia nani? Sema wakusikie."

Mume wangu alikuwa anauma mto. Dawa yake ya maumivu ilikuwa imeshamwagwa uani, karibu na mlango wa choo, mchanga umeinywa.

Nirudi nyuma kidogo, maana watu wananiuliza ilifikaje huko.

Kiwanda cha nguo kilipopunguza watu, naye alipunguzwa. Haukupita muda mrefu akaanza kulalamika kiuno. Tukadhani ni zile mashine alizosimamia miaka yote. Hospitali wakasema ni saratani ya tezi dume, imeshapanda uti wa mgongo, hakuna cha kukata. Mkamuuguze nyumbani, mama. Yeye akacheka kwenye benchi pale pale: "Kiwandani wamenipunguza, sasa na huku napunguzwa."

Tukarudi nyumbani Buzuruga. Niliacha kuuza dagaa soko la Mirongo, maana mtu asiyeweza kujigeuza humwachi. Nilimgeuza kwa kuvuta khanga niliyomtandikia chini ya mgongo. Nilimwosha, nikamlisha uji wa ulezi kwa kijiko, nikafua mashuka, yakikauka nikayatandika, yakilowa nikafua tena. Nilichoka mpaka nikawa nasinzia nimesimama, mkono uko kwenye beseni. Kuna mchoko ambao hata ukilala hauishi.

Aliyetusaidia ni sista mmoja, muuguzi wa hospitali ya misheni. Alikuwa akija kwa baiskeli kila wiki, analeta chupa ya dawa ya maji, chungu kama shubiri. Mume wangu akiinywa, uso wake unalegea, anaomba supu ya sato, anauliza timu yake ya Pamba imefungwa na nani. Sista aliniambia, "Mama, usingoje alie ndipo umpe. Mpe kwa saa zake." Nami nilimpa kwa saa zake.

Ndipo shemeji, yule kaka yake mkubwa, akaja kutoka ng'ambo ya ziwa, amevuka kwa kivuko cha Kigongo na wazee wanne. Kwao mtu mzima hafi bila kusema neno lake la mwisho mbele ya wanaume wa ukoo. Na ili neno hilo lishike, lazima msemaji awe na akili zake. Mlevi akigawa mali, haihesabiwi.

Nilimsalimia, "Shikamoo, shemeji." Hakuitikia. Alimtazama mdogo wake aliyelala, akatazama chupa dirishani.

"Hii ndiyo inayomlaza?"

"Inamtuliza, shemeji. Bila hiyo analia."

"Bila hiyo ataongea. Mnamlewesha, halafu kesho useme kakupa nyumba."

"Nyumba chukueni! Mwacheni anywe dawa yake."

"Umesikia, mzee?" akamgeukia mmoja wao. "Mwanamke anatugawia mali." Wakacheka.

Mume wangu akaamka, akaomba, "Nipe," lakini shemeji akatoka na chupa. Nilimkimbilia, nikamshika shati, likachanika begani. Akamimina mpaka tone la mwisho, akanirudishia chupa tupu kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha kikombe cha chai.

Nilikwenda misheni. Sista alikuwa vijijini, na kabati la dawa hizo ufunguo anao yeye. Nikazunguka mjini. Wakati ule wa ruksa, biashara zilipofunguliwa, maduka ya dawa yalikuwa yameota kila kona, yana vitamini za rangi zote na sabuni za Dubai. Nikiitaja ile dawa, muuzaji anashusha sauti: "Hiyo hatuuzi, mama. Ni kesi." Nilirudi mikono mitupu. Nilimsikia mume wangu toka njia panda.

Alikufa kabla sista hajarudi. Neno la nyumba hakulisema. Alichokuwa anasema ni "nipe," nami sina cha kumpa.

Msibani shemeji akasimama akatangaza kwamba marehemu ameacha nyumba kwa kaka yake. Wale wazee wanne wakatikisa vichwa kukubali, na balozi wetu wa nyumba kumi, aliyekuwepo mchana ule na kusikia kila kitu, akasema ndivyo. Nilihama na watoto wetu wadogo. Nyumba siidai, acha aoze nayo.

Leo shemeji ni mzee wa kanisa. Anazunguka kuombea wagonjwa, anawashika vichwa. Mimi namtaka kwa jambo moja. Awaite wazee wake waliobaki hai, na balozi, na mimi niwepo, na wanangu ambao sasa ni watu wazima. Asituambie habari za ukoo. Ajibu hili: ulimsikia ndugu yako wa tumbo moja akiomba, chupa ikiwa bado mkononi mwako ina dawa. Kwa nini ulimwaga? Ajibu akiwa hai, kwa mdomo wake, nami nimsikie.