Taa ya Kumsubiri Mke Wangu

Mke wangu alikuwa Tanga, mimi Toronto, kwenye ghorofa refu la St. James Town, na kilichotuunganisha ni kompyuta moja kuukuu. Kila Jumapili alikwenda kafe ya intaneti, akaingia mtandaoni, tukaongea. Mara mbili nilikuwa jikoni nakaanga mayai, sikujua kwamba ameingia. Akangoja, akaondoka. Wiki hizo zilikuwa ndefu, maana sikuwa na mwingine wa kuongea naye.

Basi, fundi redio mimi, nikaamua kutengeneza taa ya jikoni, iwake pale tu anapoingia. Kompyuta ikiona jina lake ingetuma umeme kidogo kwenye nyaya zinazotoka tundu la printa nyuma yake. Ila roho ilikuwa juu juu. Nikikosea waya mmoja kompyuta imekwenda na maji, na mke simpati tena.

Chipu ya kwanza niliyonunua kwa kazi hiyo ilikufa mkononi mwangu, hata umeme haijaonja. Nilitukana weee. Tanga nimefungua redio miaka chungu nzima, miguu peku, hakuna iliyoungua kwa kushikwa tu. Kumbe unyevu wa hewa ya kule ndio ulikuwa unanilinda. Huku baridi ikianza, ndani hewa inakuwa kavu kabisa, ukitembea kwenye zulia mwili unajaa umeme, cheche inaruka kidoleni. Nikajifunza kushika kwanza bomba la joto la ukutani, umeme wa mwilini uishie humo, ndipo niguse kitu. Taa nayo sikuiunga moja kwa moja. Katikati niliweka kidude chenye taa upande mmoja na jicho upande wa pili, mwanga uvuke, umeme usivuke. Upande wa jikoni ulitumia betri zake wenyewe.

Jumapili ikawaka. Nilikimbia, nikakumbuka, nikarudi kushika bomba, ndipo nikakaa. Nikamsimulia yote kwa majivuno. Akacheka sana, kisha akauliza:

"Hivi mume wangu, kazi yote hiyo umeifanya lini?"

"Nikitoka kazini. Na Jumamosi kutwa."

"Huna watu wa kukaa nao huko?"

"Wapo, tele."

"Nitajie mmoja."

Nikamwambia yupo mlinzi wa pale mlangoni chini, tunasalimiana kila siku.

"Anaitwa nani?"

Nilisikia watu wakipiga soga nyuma yake pale kafe, yeye akingoja. Aibu ilinishika, na machozi yakanilenga. Jina la yule mlinzi sikulijua.